Elimu ya Amali: Kazi ya Mkono si Adhabu



Jioni moja alikuja barazani kwangu mzee mmoja, jirani yangu, mkulima mwenye heshima yake. Nilimwamkia, akaniitikia, akakaa. Lakini chai niliyomwekea hakuigusa mpaka alipokwisha kusema lililomleta. "Mwalimu," akasema, "wewe wawafundisha waalimu, basi bila shaka wayajua mambo yao. Mwanangu amefaulu, ameingia kidato cha kwanza, nasi nyumbani tulifurahi sana. Sasa naambiwa ya kuwa shule ile ina mkondo wa amali, naye atafundishwa uashi. Amekosa nini mtoto huyu?"

Neno lile lilinikaa moyoni. Mzee hakuuliza mtoto atafundishwa nini, wala atafundishwa na nani. Aliuliza amekosa nini, kana kwamba mwanawe amehukumiwa. Naamini wako wazazi wengi wenye swali hilo hilo, wengine hulisema na wengine hulificha. Kwa hiyo leo nataka kueleza elimu ya amali ni kitu gani, hofu ya wazazi imetoka wapi, na mzazi aangalie mambo gani kabla ya kukubali au kukataa.

Neno amali ni la zamani katika lugha yetu, na maana yake ni kazi au tendo. Katika Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025, imeigawa elimu ya sekondari katika mikondo miwili. Mmoja ni mkondo wa elimu ya jumla, ambao wazazi wameuzoea. Wa pili ni mkondo wa amali, ambao mwanafunzi husoma masomo ya darasani pamoja na kazi moja maalumu, kama vile ujenzi, umeme, ushonaji au kilimo. Baadhi ya shule zilianza kuufuata mkondo huo mwezi wa Januari 2024. Sera hiyo hiyo yaongeza elimu ya lazima kutoka miaka 7 mpaka miaka 10, yaani miaka 6 ya shule ya msingi na miaka 4 ya sekondari. Hapo ndipo penye jambo kubwa. Zamani sekondari ilikuwa njia nyembamba ya watoto wachache waliotazamiwa kuwa makarani, waalimu na waganga. Watoto wote wakipita njia hiyo, haiwezekani wote wafikie meza ya ofisi. Basi sharti njia yenyewe ipanuliwe, iwafikishe pengi.

Sasa tuitazame hofu ya wazazi, maana si hofu ya bure. Hapo kale fundi hakudharauliwa katika nchi hizi. Wahaya waliyeyusha chuma karibu miaka 2000 iliyopita. Wafipa walijenga matanuu marefu ya udongo kwa kazi hiyo. Na wahunzi wa Upare walijulikana mbali kwa majembe na silaha zao. Katika pwani, aliyechonga mlango wa nyumba ya tajiri wa Unguja au Lamu alikuwa mtu wa kutajwa kwa jina. Kijana alikaa na fundi miaka kadha wa kadha, akivuta mivukuto au akishika patasi, mpaka mkono wake ukajua. Hiyo nayo ilikuwa shule, ingawa haikuwa na kengele.

Dharau iliingia wakati wa ukoloni, nayo iliingia kwa sababu iliyo wazi. Mwaka 1924 tume iliyotumwa na mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani ilizunguka Afrika ya Mashariki. Mmoja wa wajumbe wake alikuwa Mwafrika, Dakta Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Tume ile ilishauri ya kuwa elimu ya Waafrika ifuate maisha ya kijijini: kilimo, afya na kazi za mikono. Ushauri huo ulikuwa na mengi ya kweli ndani yake. Walakini wananchi walikuwa na macho. Waliona ya kuwa watoto wa watawala hawakufundishwa kushika jembe. Na katika boma, mwenye kalamu aliketi kivulini, na mwenye sululu alisimama juani. Mzazi aliyeambiwa ya kuwa useremala wamfaa mwanawe zaidi ya vitabu alijiuliza: kama ni kitu chema, mbona mwasemaji hawampi mtoto wao? Swali hilo halikujibiwa vema, na wajukuu wa wazazi wale wangali wanalo.

Hata hivyo, mafunzo ya ufundi yalisonga mbele. Katika miaka ya 1950 zilikuwako shule za ufundi za Ifunda na Moshi, na mwaka 1957 kikaanzishwa chuo cha ufundi cha Dar es Salaam, ambacho tangu mwaka 1997 ni Taasisi ya Teknolojia. Baada ya uhuru shule za Ifunda na Moshi zikawa sekondari za ufundi, zikafuatana na nyingine kama Tanga, Mtwara, Musoma, Bwiru na Iyunga. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akataka shule isimtenge mtoto na kazi za watu wake; na katika miaka ya 1970 sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu.

Nia ilikuwa njema, lakini karakana haiendeshwi kwa nia. Kitabu kimoja cha hesabu chaweza kusomwa na madarasa kumi. Ubao mmoja wa mninga ukikatwa umekatwa, na msumari ukipigwa umepigwa. Kila somo la ufundi hula mali. Dhiki ya uchumi ya miaka ya 1980 ilipofika, mahali pengi mashine zilizovunjika hazikutengenezwa, na vifaa vilivyokwisha havikununuliwa tena. Mwanafunzi akawa anachora randa katika daftari badala ya kuisukuma juu ya mbao. Elimu ya namna hiyo haimpi mtu ufundi wala haimpi usomi, naye mzazi aliyeiona ana haki ya kuuliza kwa ukali pale jina jipya linapotajwa.

Basi tuache majina, tuitazame kazi yenyewe. Nitatwaa mfano wa uashi, kwa kuwa ndio uliomtia mzee majonzi.

Nyumba huanza kwa uzi na mambo nne. Jambo la kwanza ni kuhakikisha ya kuwa pembe za msingi ni za mraba. Zisipokuwa za mraba, ukuta hupotoka, bati hazikutani sawasawa, na kila fundi ajaye nyuma hulipa kosa la aliyetangulia. Mwashi hufanya hivi: kutoka katika pembe hupima mita 3 upande mmoja, akatia alama; hupima mita 4 upande wa pili, akatia alama; kisha hupima kutoka alama hata alama. Ikiwa ni mita 5 kamili, pembe ni ya mraba. Ikizidi au ikipungua, mambo huhamishwa, kipimo kikarudiwa. Sasa mwanafunzi wa kidato hufundishwa darasani kanuni ya Pythagoras: 3 mara 3 ni 9, na 4 mara 4 ni 16, jumla yake ni 25, ambayo ni 5 mara 5. Ni jambo lile lile. Nimewaona vijana waliopata alama nzuri katika kanuni hiyo, wasioweza kuuweka msingi wa banda la kuku. Na nimewaona waashi waliojenga nyumba nyingi kwa 3, 4 na 5, wasiojua kwa nini haikosei. Kila mmoja ana nusu. Elimu ya amali ikiwa ya kweli, humpa mtoto nusu zote mbili.

Tutazame na zege. Kwa kazi nyingi za nyumba, kipimo kijulikanacho ni sehemu moja ya saruji, sehemu mbili za mchanga na sehemu nne za kokoto. Fundi asiyefundishwa sababu huongeza maji ili zege iwe laini, imtelezee vizuri koleoni. Lakini maji yaliyozidi yatakapotoka yataacha vitundu vingi vidogo visivyoonekana kwa jicho, na nguvu ya zege itapungua. Tena wengi hudhani ya kuwa saruji hukauka kama udongo wa matofali. La! Saruji hushikana na maji, na kwa kushikana huko ndiko huwa ngumu. Kwa hiyo zege iliyomwagwa yataka ifunikwe na kumwagiwa maji si chini ya siku 7; ikiachwa juani ikauke upesi, hubaki dhaifu. Hayo ni masomo ya kemia. Anayeyajua ataijenga nguzo itakayobeba watu. Asiyeyajua ataijenga nguzo inayofanana nayo kwa macho, mpaka siku itakapoanguka.

Katika umeme mambo ni hayo hayo. Birika la wati 2300 katika nyumba yenye volti 230 huvuta ampea 10. Ni hesabu ya kugawanya tu. Waya mwembamba usiofaa kwa mzigo huo hupata moto ndani ya ukuta, pasipo mtu kuuona. Fyuzi imewekwa ili ikatike kabla ya waya kuungua. Fundi wa kubahatisha, fyuzi ikikatika mara mbili, huchomeka kipande cha waya mnene, akapokea ujira wake na kwenda zake. Wenye nyumba hulala wakidhani wamepona, kumbe mlinzi wao amefukuzwa. Ni nani basi awezaye kusema ya kuwa kazi hizi ni za watoto wasio na akili? Akili isipokuwapo, gharama yake ni nyumba na roho za watu.

Nilipomwambia mzee maneno haya, alisikiliza, kisha akatoa hoja yake ya pili, iliyo nzito kuliko ya kwanza. "Sawa," akasema. "Lakini akiisha kuwa mwashi, hawezi tena kuwa mtu mwingine. Mmemfungia mlango."

Hapo yafaa tueleze ngazi za mafunzo, maana wazazi wengi hawazijui. Katika Tanzania ufundi stadi una ngazi tatu za tuzo, tangu ya kwanza mpaka ya tatu. Juu yake zipo ngazi za elimu ya ufundi, zilizohesabiwa kutoka 4 mpaka 10: ya 4 na ya 5 ni za astashahada, ya 6 ni stashahada, ya 7 ni stashahada ya juu, ya 8 ni shahada ya kwanza, ya 9 ni umahiri, na ya 10 ni uzamivu, yaani udaktari wa elimu. Msimamizi wake ni Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Mwanafunzi wa uashi aliyeshika vema hesabu na sayansi ana ngazi ya kupandia hata awe mhandisi. Walakini nilimwambia mzee ukweli wote: ngazi hupandwa na mwenye miguu. Shule ikimfundisha mtoto kushika mwiko, ikapuuza hesabu, sayansi na lugha, hapo imemfungia mlango kweli, ingawa karatasi yasema mlango u wazi.

Jambo la tatu ni waalimu na mahali pa kujifunzia. Katika Ujerumani, sheria ya mwaka 1969 iliupa nguvu mpango ambao kijana hufanya mkataba na mwenye kazi. Kwa siku nyingi za juma hufanya kazi karakanani akilipwa ujira mdogo, na siku moja au mbili huenda shule. Hukaa hivyo kwa miaka miwili mpaka mitatu na nusu, kisha hutahiniwa. Kazi zinazofundishwa kwa njia hiyo zapita 300. Faida yake ni kwamba kijana hujifunza kwa chombo kinachotumika leo, si kwa chombo cha babu yake, na serikali haibebi gharama peke yake.

Hatuwezi kuuchukua mpango huo kama ulivyo. Wajerumani wana viwanda vingi na vyama vya mafundi vya tangu karne nyingi. Sisi mafundi wetu wengi hufanya kazi chini ya mwembe na vijana wawili watatu. Lakini wana kitu ambacho shule haina, nacho ni kazi yenyewe, pamoja na mteja anayengoja na kulalamika. Mwalimu wa uashi akipatana na mafundi wa mji wake, wanafunzi wakaenda kwao kwa zamu wakati wa likizo, wakaandikiwa walichokifanya, karakana ya shule imekwisha kuongezeka pasipo kujenga ukuta mmoja. Nao mafundi wasidharauliwe kwa kuwa hawana vyeti. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huupima na kuutambua ustadi alioupata mtu nje ya shule. Kwa njia hiyo fundi wa mtaani naye aweza kupata cheti cha ujuzi wake.

Tena, mabibi na mabwana, tusiwasahau binti zetu. Aghalabu msichana akiambiwa amali huonyeshwa cherehani na jiko, na mvulana huonyeshwa nyundo. Ushonaji na upishi ni kazi njema, zenye riziki. Lakini pembe ya mraba haiulizi aliyeshika uzi ni mume au mke, na umeme haumwogopi mwanamume zaidi. Mtoto achague kwa uwezo na mapenzi yake.

Sasa nataka kusema neno linalotuhusu sisi waalimu, nami nalisema kwanza juu ya nafsi yangu. Kwa miaka mingi nilipokuwa mwalimu wa shule, mtoto akichelewa nilimwambia, "Chukua jembe, nenda bustanini." Akipiga kelele, afyeke majani. Akisahau daftari, achote maji ya jikoni. Na mtoto aliyeshinda mtihani nilimpa nini? Kalamu na kitabu, mbele ya wote, huku wenzake wakipiga makofi. Hakuna siku niliyosimama darasani nikasema ya kuwa kazi ya mkono ni duni. Sikuwa na haja ya kusema, watoto waliona. Waliona kalamu ni zawadi na jembe ni adhabu. Baadaye tukawaambia wachague amali kwa furaha, tukastaajabu walipokataa. Yule mzee aliyeuliza mwanawe amekosa nini hakuwa mjinga. Alikuwa ameyasoma vizuri sana mafundisho yetu. Leo nawaomba waalimu vijana ninaowafundisha waitafute adhabu nyingine, na siku ya zawadi wamwite pia mtoto aliyetengeneza kiti kisichoyumba.

Basi mzazi afanye nini? Asikubali kwa jina wala asikatae kwa jina. Aende shuleni akaulize mambo matatu. Kwanza, karakana iko wapi, na vifaa vyatosha watoto wangapi? Pili, mwalimu wa kazi hii amepata kuifanya kwa mikono yake, au ameisoma tu? Tatu, mtoto akitaka kuendelea mbele, atapita njia gani, na masomo ya hesabu na sayansi apewa vipindi vya kutosha? Akijibiwa vema katika yote, na amwache mtoto kwa moyo mweupe. Akijibiwa vibaya, asimwondoe mtoto akanyamaza. Aseme katika mkutano wa wazazi, maana karakana isiyoulizwa habari zake hufungwa kufuli.

Juma lililofuata nilikwenda na mzee mpaka shule ile. Sitaitaja. Karakana ilikuwako, nzuri kwa kuta, lakini miiko ilikuwa michache, na wanafunzi waliipokezana. Pimamaji ilikuwa moja kwa darasa zima. Mwalimu alikuwa mtu aliyefanya uashi miaka mingi kabla ya kusomea ualimu, na ilionekana katika mikono yake. Tuliwakuta watoto nje wakipiga uzi wa msingi. Mtoto wa mzee alipima kutoka alama hata alama, akatikisa kichwa, akahamisha mambo kiasi cha vidole vinne, akapima tena.

"Umejuaje kuwa haikuwa sawa?" baba yake akamwuliza.

"Ilipita mita 5, baba," mtoto akajibu, akamweleza habari za 3 na 4.

Mzee alikaa kimya. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo ya kuwa nyumba yake, aliyoijenga mwenyewe kwa jasho lake, ina chumba kimoja ambacho kitanda hakikai sawa na ukuta, naye kwa miaka ishirini alidhani kosa ni la seremala.

Tulipokuwa tukiondoka alirudi mlangoni kwa mwalimu mkuu. Hakuuliza tena mwanawe amekosa nini. Aliuliza pimamaji ya pili itanunuliwa lini.